Nyumbani msiba, mimi nikabaki kisiwani na bata

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 29, mzaliwa wa Sahare, Tanga. Sasa niko Winnipeg, Kanada, nasoma shahada ya uzamivu. Naomba jina langu lisitajwe. Barua hii nimeiandika mara nne na kuifuta, ya tano ndiyo hii.

Kazi yangu ni ndege. Kila mwaka mwishoni mwa Mei tunaelekea kaskazini, Nunavut, nchi ya Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini ya Kanada, hadi kwenye kisiwa kidogo cha mawe na madimbwi kaskazini mwa Ghuba ya Hudson. Hakuna mti hata mmoja. Juni na Julai giza halishuki. Jua linazama kidogo tu usiku wa manane, anga linabaki jeupe. Hapo ndipo wanapotaga bata wa baharini waitwao eida. Wainuiti huwaita mitiq. Tunakaa watu saba kambini hadi Agosti. Bata wakifika tunawanasa kwa nyavu, tunawapima uzito, tunawavisha pete za miguu, kisha tunajifungia kwenye vibanda vya mbao vyenye vitundu tukiwachungulia: nani ametaga lini, nani mayai yake yameliwa na shakwe au mbweha, nani ameangua.

Nyumbani wanaita "kuhesabu bata", nami sikatai. Lakini Shangazi, bata jike huyu hutaga mayai manne au matano ya rangi ya zeituni, hujinyonyoa manyoya laini ya kifuani akayatandika, kisha hukaa juu yake siku 24 hadi 26 bila kula. Hunyanyuka dakika chache kunywa maji, akarudi. Anaanza na kilo mbili na zaidi, anamaliza amepungua theluthi nzima ya uzito wake au kuzidi. Akikonda kupita kiasi hukiacha kiota na mayai yakafa. Dume yeye huondoka mapema, jike akianza tu kuatamia. Hili la dume nitalirudia.

Na kuhesabu kwenyewe si mchezo. Eneo hili bata wamefuatiliwa tangu miaka ya 1990. Ni daftari hizo zilizoonyesha jinsi kipindupindu cha ndege kilivyoua majike kwa mamia wakiwa juu ya mayai, kuanzia 2005. Ni hizo pia zinazoonyesha dubu weupe wanavyokuja visiwani kula mayai, kwa sababu barafu ya bahari inakatika mapema na hawana pa kuwavizia sili, wanyama wa baharini wanaowala. Mwaka usioandikwa haurudi.

Baba alikuwa mvuvi. Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama ndege, nikiwa nimekaa kwenye ngalawa iliyopandishwa mchangani, ananionyesha vitwitwi wanavyokimbizana na maji. Nilipoanza kazi hii aliniuliza kama huko ndiko kwao vitwitwi wa Sahare. Nikamwambia wa kwetu wengi hutokea upande wa Siberia. Akasema, "Basi wasalimie majirani zao."

Mwaka jana, 28 Juni, alianguka akitoka msikitini baada ya alasiri. Hakufika hospitali. Kesho yake asubuhi akazikwa. Mimi sikujua. Kaka alipiga simu yangu ikawa haipatikani. Akampata dada ninayeishi naye, naye akaandika barua pepe chuoni, na barua ikakaa bila kufunguliwa mpaka sikukuu ya 1 Julai ilipopita. Habari ilinifikia usiku wa tarehe 2 kwa simu ya setilaiti. Siku nne nilikuwa nahesabu mayai na kuimba nikiosha vyombo, baba yuko chini ya ardhi.

Kisha ukaja ukungu, helikopta haiwezi kuruka. Hilo ni kweli. Lakini tarehe 7 Julai kulikucha kweupe. Kiongozi wa kambi akaniambia, kesho wanakuja kukuchukua. Nikamjibu niache kwanza, nisubiri mayai yaanguliwe. Nyumbani nikatuma ujumbe: ukungu bado. Tarehe 10 nikatuma tena hivyo hivyo. Tarehe 15 nikatuma tena. Nilitoka kisiwani tarehe 20, nikafika Tanga siku ya 25 tangu baba afe. Siku 13 kati ya hizo ni za uongo wangu.

Nilimkuta mama yuko eda. Alinishika mikono akasema, "Pole mwanangu kwa huo ukungu." Sentensi hiyo hainitoki kichwani.

Kaka yeye hakusema pole. Mwaka wa nyuma niliwahi kuwasimulia mezani habari za bata, tukacheka. Siku ya arobaini alinifuata uani akaniambia, "Wewe ndiye lile dume lako. Kiota kikipata moto, umeshaondoka."

Sasa nimepewa nafasi ya kuwa kiongozi wa kambi msimu huu. Jibu linatakiwa kabla Aprili haijaisha. Hitima ya mwaka ya baba, kwa hesabu ya mwezi, itaangukia karibu tarehe 18 Juni, wiki ileile bata wanapoanza kutaga. Mama anasema, "Nenda, kazi ni kazi." Mdogo wangu wa kike ananiambia usiku anamsikia akilia. Mshahara wa kambi ndio ulionunua dawa za sukari za baba na ndio ulioezeka nyumba, na kaka analijua hilo.

Kinachonitisha zaidi, Shangazi, ni kwamba nataka kwenda. Nikilala Winnipeg naota kile kisiwa, siioti nyumba yetu. Je, niende? Na mama nimwambie ukweli wa siku zile 13, au niufukie?

Binti wa Sahare

* * *

Marahaba mwanangu,

Pole kwa kufiwa na baba. Naanza na hilo kwa sababu kila pole iliyomo kwenye barua yako ni ya ukungu, na nadhani tangu Julai hujaipokea pole ya baba yako hata moja ukaamini kuwa ni haki yako. Hii ni ya baba. Ipokee.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeniuliza maswali mawili, uende au usiende, useme au unyamaze. Mimi nasikia na la tatu chini yake, ambalo hukuliandika: mimi ni mtoto wa namna gani? Naona umeyasuka matatu haya kama ukili, mpaka kwenda kambini kumekuwa ushahidi wa ubaya wako, na kubaki kumekuwa adhabu. Ningependa tuyafumue kwanza, kila moja tulione peke yake.

Nianze na zile siku nne ambazo hukujua. Umezitaja kwa uchungu kuliko hata zile 13. Mwanangu, baba yako alianguka alasiri akazikwa asubuhi. Hata ungekuwa umekaa Winnipeg, simu mkononi, begi limefungwa, mazishi ya Kiislamu yasingekungoja uvuke bahari mbili. Wengi mlio mbali mnaishi na jambo hili, walioko Muscat na London na Minneapolis, na kila mmoja hudhani ni yeye peke yake aliyechelewa. Ulikuwa unaimba ukiosha vyombo kwa sababu hukujua. Mtu hawezi kuomboleza habari ambayo haijamfikia. Siku nne hizo ziondoe kwenye mzigo wako, si zako.

Zile 13 ni zako, na sitakuambia vinginevyo. Lakini ziangalie vizuri. Ndani yake mna mambo mawili: kubaki, na kudanganya. Umeyafunga pamoja ukayapa jina moja. Kubaki kunaweza kuwa na sababu nyingi. Ujumbe wa "ukungu bado" ni jambo jingine.

Kuna kitu nimekiona kwenye barua yako. Umenieleza rangi ya mayai, uzito wa bata, hata dakika anazonyanyuka kunywa maji. Siku 13 hizo hukuniambia ulikuwa unafanya nini. Hakuna hata mstari. Ulilia? Ulikaa peke yako kibandani? Kuna mwenzako yeyote aliyejua unamwambia mama yako nini? Ulimswalia baba ghaibu, hapo kwenye mawe? Mimi nimekaa na wafiwa wengi, na nimewaona wanaokimbilia kazi siku ya kwanza: aliyepaka nyumba rangi juma zima, aliyefungua duka kesho yake asubuhi majirani wakamsema. Wengine walikuwa wanaukwepa mlango ambao marehemu hatautokea tena. Maadam hujafika Sahare, baba yuko pale anashona nyavu. Ukifika, hayupo. Huenda hilo ndilo lililokushika kisiwani. Huenda pia uliipenda tu kazi yako na hukutaka kuupoteza msimu ulioanza kuuandika. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja, siku moja. Unayejua ni wewe, na nakusihi uitafute sababu hiyo kabla hujamfuata mama, kwa maana jambo la kwanza atakalokuuliza ni "kwa nini".

Kuhusu maneno ya kaka yako. Yamekuchoma, nami yamenichoma nikiyasoma. Lakini mfikirie naye. Ndiye aliyepiga simu isiyopatikana. Ndiye aliyebeba jeneza, akashuka kaburini, akapokea wageni, akaulizwa na kila anayeingia, "Na mdogo wako yuko wapi?" akawa hana la kujibu. Nadhani lile neno la dume lilisemwa na mtu aliyebaki peke yake. Halikuwa neno la haki, ila hasira nayo ina mahali inapotoka. Na wewe, mtu wa elimu ya ndege, usikubali kujitafutia nafasi kwenye kile kiota. Leo wewe ni dume aliyeondoka, kesho utajiita jike aliyekonda akashindwa. Bata dume huondoka kwenda kumwaga manyoya baharini, ndivyo alivyoumbwa, hana anayemdanganya wala anayemlilia. Wewe una mama, una kaka, una ulimi wa kusemea.

Sasa la kumwambia mama. Sitakuchagulia. Nitakuonyesha ninavyoona kila upande.

Ukisema, kuna hatari ya kuutua mzigo wako ukamtwika yeye. Mama huyu amemzika mume, amekaa eda miezi minne na siku kumi, ametoka ndani ya nyumba isiyo na mwenzake. Akisikia kwamba njia ilikuwa wazi na mtoto hakuja, anaweza kusikia "sikukutaka", hata kama silo ulilosema. Ukimwambia ili akusamehe hapo hapo, utakuwa unamwomba akufanyie kazi nyingine tena. Kama utasema, basi sema ukiwa tayari anyamaze, au akasirike, au akate simu, na kesho yake umpigie tena kama kawaida.

Ukinyamaza, nako kuna hatari. Ulikuwa na watu sita kambini, kuna picha, kuna daftari zenye tarehe; ukweli wa namna hii hupenya, na ukifika kwa kaka kabla yako utakuwa na sura mbaya zaidi. Lakini hata usipofika kwake, angalia kunyamaza kunavyokufanya sasa: kila mama akikupa pole unaisikia kama mwiba. Huo ndio unaonitia wasiwasi. Naona uongo ule umeanza kukuzuia kupokea mapenzi ya mama yako.

Na kuna jambo ambalo huenda hukulifikiria. Umeamini kwamba hajui. Mke wa mvuvi, mwanangu! Miaka yote aliyokaa na baba yako amekuwa akisoma anga na kuhesabu siku za mtu aliye majini. Anajua ukungu ni nini na hudumu muda gani. Siwezi kusema kwamba alijua, na sitaki uende kwake na dhana hiyo. Nasema tu kwamba "pole kwa huo ukungu" ni maneno yanayoweza kubeba mambo mengi, na wewe umeyasikia kwa sikio moja.

Kama kumkabili yeye kwanza ni kuzito, si lazima awe wa kwanza. Mdogo wako ameonyesha ana moyo, ingawa kumpa siri ni kumpa mzigo, na yeye ndiye anayelala nyumba moja na mama. Imamu unayemwamini anaweza kukusaidia kuitenganisha toba na kujitesa. Chuo chako bila shaka kina washauri wa wanafunzi. Huenda hawaijui hitima wala eda, utalazimika kuwaeleza, na katika kueleza huko unaweza kujisikia ukisema kitu ulichokuwa hukijui.

Tuje kwenye safari. Ukiikubali nafasi yote kama ilivyo, utakosa hitima. Mama amekuruhusu kwa mdomo. Machozi ya usiku sijui ni ya nini, nawe hujui. Mjane hulia usiku hata watoto wote wakiwa sebuleni. Usiyachukue machozi yale kuwa ni jibu la swali ambalo hujamuuliza. Muulize: "Mama, siku ile ya hitima unataka niwe wapi?" Swali hilo ni tofauti na "niende kazini?", na mama wa pwani akiulizwa la kazini hatamzuia mtoto.

Unaweza kuomba kuingia kambini baada ya hitima, mwenzako akaongoza wiki za mwanzo. Utakosa kunasa na kupima bata wanapofika, na msimamizi wako anaweza kusema kiongozi hawezi kuchelewa hivyo, akampa mwingine. Nauli nayo si ndogo. Isitoshe, kufika hitimani na siri ile ile mfukoni kunaweza kuwa kuzito kuliko kutofika. Au unaweza kuuacha msimu huu kabisa. Umesema mwaka usioandikwa haurudi, na ni kweli, ila umesema pia daftari hizo zilianza miaka ya 1990, wewe bado mtoto mdogo. Kuna mikono mingine. Hatari ya kubaki ni kwamba Julai ikifika utakuwa Winnipeg au Tanga ukiwachukia watu uliobaki kwa ajili yao.

Jambo moja nalisema kwa uzito kuliko mengine, kwa kuwa si lako peke yako. Kiongozi wa kambi ile ndiye mwenye kuamua dubu akionekana, nani atoke kibandani na nani abaki, lini fataki ipigwe kumtisha. Siku ya hitima, na ile 28 Juni, na ile 7 Julai, utakuwa katika hali gani? Sisemi huwezi. Wafiwa wengi hufanya kazi ngumu vizuri. Nasema msimamizi wako anastahili kujua tarehe hizo kabla hajakukabidhi roho za watu sita, na namna atakavyokujibu itakufundisha kama ni mtu wa kufanya naye kazi.

Na ukienda, usiondoke kama mwaka jana. Kaka yako awe na namba ya simu ya setilaiti ya kambi, yeye mwenyewe, mkononi mwake. Awe na majina ya watu wawili wanaopokea simu hata siku ya sikukuu. Elewaneni siku na saa ya wewe kuwasiliana kila wiki. Mpe yeye namba hizo hata kama hamjapatana. Hatasema ahsante, lakini mwaka jana alipiga simu ikaita gizani, na jambo hilo linaweza kutengenezwa hata kabla yale makubwa hayajatengenezeka.

Umeniambia unatishwa na kwamba unataka kwenda. Mimi halikunitisha. Baba yako alikwenda baharini maisha yake yote, na sidhani alikuwa akiondoka kwa kuichukia nyumba. Sijui ni mara ngapi jambo la nyumbani lilitokea yeye yuko majini. Sijui hata kama alikuwepo siku uliyozaliwa. Mama anajua. Muulize siku moja ilikuwaje kuishi na mtu anayeondoka, alikuwa akimwambia nini akirudi amechelewa, na yeye alikuwa akisema nini. Usiulize ili upate ruhusa. Uliza kwa sababu sasa ni yeye peke yake anayeweza kukusimulia.

Jibu lako linatakiwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo bado una muda kidogo. Saa nne usiku huko kwako ni saa kumi na mbili asubuhi Tanga: mama ameshaswali, na nyumba bado haijajaa watu. Huna haja ya kuanza na siku 13. Mwezi huu vitwitwi wanaondoka pwani yetu kwenda zao kaskazini. Muulize kama pale Sahare bado wapo.

Shangazi